Rotwaila, mtoto na sahani: nani mkweli kati ya jirani na mume?

"Daktari, shikamoo. Tunaishi Bamburi, Mombasa, nyumba ya kupanga yenye ua. Mume wangu alileta mbwa dume aina ya rotwaila akiwa na miezi miwili. Sasa ana mwaka mmoja na miezi minne. Mchana hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba, usiku hufunguliwa alinde. Wiki mbili zilizopita mtoto wetu wa miaka minne alipita karibu na sahani yake, mbwa akanguruma. Mume wangu alimchapa fimbo, na tangu siku ile hajanguruma tena. Lakini jirani, ambaye watoto wake hupita getini kwetu wakienda chuoni (madrasa), anasema aina hii ni wauaji, Ulaya wamepigwa marufuku, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Mume wangu anajibu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba akipewa pilipili kidogo ndiyo atakuwa mlinzi wa kweli. Mimi niko katikati na usingizi sina. Nani mkweli? Tumtoe au tumweke?"

Marahaba, dada yangu. Ndani ya swali lako mna jambo moja lisilongoja, kwa hiyo nitaanza na hilo. Jirani na shemeji watapata zamu yao.

Kuanzia mlo wa leo jioni, mbwa ale mahali ambapo mtoto hawezi kufika hata akitaka. Usiseme "tutamwangalia", wala "dada wa kazi yupo". Nataka mlango uliofungwa kwa komeo lililo juu kuliko mkono wa mtoto. Weka sahani, funga, ngoja robo saa, mwite mbwa atoke upande mwingine, ndipo uingie uichukue sahani, iwe imebaki na chakula au haina kitu. Mfupa nao ni chakula, usiachwe ukizagaa uani. Na ile fimbo iwekwe mbali kabisa.

Umeandika kwamba tangu achapwe hajanguruma tena. Katika barua yako yote, hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko mengine. Kunguruma ni honi. Matatu inayopiga honi kabla ya kona ni afadhali mara mia kuliko inayokata kona kimya, na kumchapa mbwa kwa sababu amenguruma ni kung'oa honi na kuacha injini inaunguruma vilevile. Hebu fikiria alichojifunza siku ile. Hakujifunza kwamba mtoto ni mwema. Alijifunza kwamba mtoto akisogea karibu na sahani, maumivu hufuata. Sasa ana sababu mbili za kutomtaka mtoto karibu na chakula, na ile njia yake ya kusema "sogea" imefungwa. Safari nyingine anaweza kuruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno.

Hata siku ile, kabla ya ngurumo yalitokea mambo ambayo pengine hakuna aliyeyaona. Mbwa huacha kutafuna. Mwili unakakamaa kuanzia shingo hadi shina la mkia. Kichwa kinashuka juu ya sahani badala ya kuinuka. Pua inabaki kwenye chakula, lakini jicho linamfuata mtu kwa pembeni, na weupe wake unachomoza upande mmoja, mwembamba kama mwezi mwandamo. Wengine huanza kula upesi upesi, wanameza bila kutafuna. Ulimi unapita puani mara moja. Yote hayo ni sekunde mbili tatu tu, kisha ndiyo ngurumo, kisha kukenua meno, kisha kudaka hewa, kisha kuuma. Mkia unaweza kuwa unatikisika muda wote huo. Mkia uliosimama wima ukitikisika kwa mapigo mafupi ya haraka si wa furaha. Na kimo cha mtoto wa miaka minne kinauweka uso wake sawa na mdomo wa mbwa. Ndiyo maana watoto wadogo huumwa zaidi usoni, kichwani na shingoni, na mara nyingi aliyewauma ni mbwa wanayemjua.

Sasa tuje kwenye mabishano yenyewe. Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo wanaobishana huyachanganya: kuuma na kuumiza. Kuuma ni uwezekano wa mbwa kutumia meno. Kuumiza ni ukubwa wa madhara akishayatumia. Shemeji anazungumzia la kwanza, jirani anazungumzia la pili, na ndiyo maana hawatamaliza.

Katika kuuma, aina ya mbwa hueleza mambo machache kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani na kusoma vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Katika tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, aina ilieleza takriban asilimia 9 tu. Utayari wa kufuata maelekezo ulifungamana na aina zaidi kidogo, lakini wepesi wa kuchokozeka ulikuwa miongoni mwa tabia ambazo aina ilisaidia kidogo sana kuzibashiri. Huko Finland, utafiti wa 2021 wa mbwa zaidi ya 9,000 ulionyesha kwamba mbwa mwoga ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mkali kwa watu, na kwamba madume, wazee na wenye miili midogo nao wana hatari zaidi. Aina iliyoongoza kwa ukali katika utafiti ule ilikuwa koli mwenye manyoya marefu, yule mbwa wa kuchunga kondoo ambaye watu humwona mpole kama sala. Na uchunguzi wa Marekani wa 2008 uliwaweka Chihuahua na dakshundi, mbwa wadogo hao, juu ya wastani kwa ukali dhidi ya watu.

Asilimia 9 si sifuri, lakini. Na majibu yale yalitolewa na wenye mbwa wenyewe, kuhusu mbwa wanaolala sebuleni, si wanaofungwa mnyororo.

Katika kuumiza, jirani yako ana hoja, na sitaipunguza ili kumfurahisha shemeji. Chihuahua ana kilo mbili au tatu. Akikuuma kidole unacheka, kisha unaenda kuchanjwa, maana virusi havijali kilo. Rotwaila dume aliyekomaa ana kilo 50 au zaidi, kichwa kipana na misuli ya taya ya mnyama aliyefugwa kusukuma ng'ombe: asili yao ni mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako walikuwa wakiswaga mifugo na kukokota mikokoteni ya wachinjaji. Wataalamu wa Marekani walipopitia vifo 238 ambavyo aina ya mbwa aliyeua ilitajwa, vya miaka 1979 hadi 1998, mbwa wa jamii ya pitibuli na rotwaila walihusika katika zaidi ya nusu. Lakini aina zilizoua zilikuwa 25 au zaidi, na watafiti wenyewe waliweka angalizo ambalo wanaowanukuu huliruka: hakuna aliyejua kuna rotwaila wangapi nchini humo, kwa hiyo huwezi kusema mmoja kati ya wangapi huua.

Kuna uchunguzi mwingine wa Marekani ambao ningependa shemeji ausome akiwa amekaa. Huu ulichambua vifo 256 vya miaka 2000 hadi 2009, ukitazama mazingira ya kila tukio na si jina la mbwa peke yake. Katika asilimia 87 hapakuwa na mtu mzima mwenye uwezo wa kuingilia kati. Katika asilimia 84 mbwa hakuwa amehasiwa. Katika asilimia 76 mbwa alifugwa kama kifaa: mnyororoni, kizimbani au nyuma ya nyumba, bila mazoea ya kila siku na watu. Aina halisi ya mbwa iliweza kuthibitishwa kwa chini ya tukio moja kati ya matano. Sasa, dada yangu, toka nje uutazame ua wako ukiwa na orodha hiyo mkononi.

Hilo la aina kuthibitishwa lina uzito hapa Mombasa. Mbwa wengi wanaouzwa kwa jina la rotwaila au jamani shepadi hawana karatasi yoyote, na wengi ni machotara. Jirani anapomhukumu kwa jina na muuzaji anapomsifu kwa jina, wote wawili wanaweza kuwa wanamzungumzia mbwa ambaye hayupo. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" ina ukweli wake, ila mzazi anayehusika ni yule jike aliyemzaa, si ukoo mzima. Uoga hurithiwa, na tena mtoto hujifunza uoga kwa mama. Anayenunua mbwa na asimwone mama yake ananunua nusu ya habari. (Lile la taya kujifunga kama kufuli akishauma ni hadithi, hakuna kiungo cha namna hiyo katika taya la mbwa yeyote. Anayeng'ang'ania anang'ang'ania kwa sababu anataka.)

Kuhusu Ulaya, jirani amesikia nusu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 iliwataja pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. XL Bully akaongezwa, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kumfuga England na Wales bila cheti maalumu. Rotwaila hayumo. Ufaransa, kwa sheria ya 1999 na nyongeza yake ya 2008, rotwaila anaruhusiwa kwa masharti: kibali, kamba, na mdomo kufungwa akiwa barabarani. Uholanzi waliwapiga marufuku pitibuli mwaka 1993, wakaja kuamua kuifuta marufuku hiyo mwaka 2008 kwa sababu watu waliendelea kuumwa vilevile. Maoni yangu ni kwamba masharti ya Kifaransa yana akili zaidi kuliko marufuku, kwa sababu yanashughulikia kuumiza bila kudai kwamba yamemaliza kuuma. Kenya hatuna orodha ya aina zilizokatazwa. Tuna kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomtia hatiani mtu asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari inayotazamiwa kutoka kwa mnyama wake. Kifungu hicho hakiulizi ni mbwa wa aina gani. Na ngurumo ya wiki mbili zilizopita, ambayo nyote mliisikia, imeshaifanya hatari hiyo kuwa ya kutazamiwa.

Pilipili. Pilipili haitengenezi mlinzi, inatengeneza mwasho wa tumbo na mbwa anayekuja kwenye sahani akitarajia kuungua. Shemeji ana mbwa anayelinda chakula kwa hofu, na dawa anayoipendekeza inaongeza hofu palepale kwenye chakula. Mlinzi mzuri hubweka kwa wakati wake na hunyamaza akiambiwa inatosha. Anayeuma kila kinachotembea ni kesi inayosubiri tarehe. Na kama tunashika methali yake ya malezi, basi tuishike mpaka mwisho: huyu amelelewa na mnyororo.

Mnyororo hufanya kazi hivi. Mbwa akiogopa ana njia mbili, kukimbia au kupigana. Ukimfunga umeondoa ya kwanza, na kila anayepita anakuwa jambo asiloweza kulikimbia wala kulichunguza. Anaruka, shingo inabanwa, anaumia, na maumivu yanaambatanishwa na yule aliyekuwa akipita: mtoto mwenye kanzu, mama mwenye buibui, kijana wa mkokoteni wa maji na ngurumo ya madumu yake. Baada ya miezi kadhaa, kuona kanzu peke yake kunatosha kumpandisha. Wenyewe tunasema "huyu hapendi Waislamu" au "huyu ana kisirani". Ukweli ni kwamba dirisha la mtoto wa mbwa kuzoea watu na vitu liko wazi kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na mbili hadi kumi na nne. Wenu alikuja na miezi miwili, akawa amebakiza wiki nne hadi sita, na wiki hizo alizipitisha nyuma ya nyumba.

Umri nao. Mwaka na miezi minne ni ujana. Rotwaila hukomaa kitabia taratibu, na silika ya kulinda huanza kujitokeza sasa hadi kama miaka mitatu. Kwa hiyo "hajawahi kufanya hivi" hakuna maana kubwa katika umri huu; alikuwa mtoto.

Na joto. Mbwa mweusi wa kilo 50 wakati wa kaskazi, kwenye saruji, hupoza mwili karibu wote kwa kuhema. Anahitaji si chini ya lita tatu za maji kwa siku, na siku za Januari hadi Machi hata mara mbili yake, ndani ya chombo kizito asichoweza kukipindua kwa mnyororo. Mbwa mwenye kiu na joto ana subira fupi kama mtu aliye foleni ya feri saa saba mchana. Kabla hamjamtia mbwa darasani, daktari wa mifugo amtazame masikio, meno, ngozi na nyonga. Kupe huleta maradhi ya damu yanayochosha na kuumiza, nyonga mbovu ni maradhi ya kawaida ya rotwaila, na mbwa anayeumwa hujikinga mapema.

Badala ya mnyororo, jengeni kizimba. Mita tatu kwa tano zinatosha kwa mbwa mmoja, wavu wa chuma kimo cha mita 1.8, chini ukizamishwa sentimita 30 au kushikiliwa na saruji, maana wengine huchimba. Pengo chini ya mlango lisizidi sentimita tano, mkono wa mtoto usipite. Mlango ufunguke kwa ndani ili mbwa akiusukuma aufunge, na komeo liwe kimo cha mita moja na nusu. Paa la makuti upande mmoja ni bora kuliko mabati; bati linachemka. Kwa vile mmepanga, fremu za chuma zinazofungwa kwa bolti zinahamishika mkihama, na mwenye nyumba hana la kulalamika. Wekeni kizimba upande ambao haoni geti. Mbwa anayekodolea geti macho mchana kutwa anafanya mazoezi ya hasira kila anapopita mtu.

Kisha somo la sahani. Hili ni la watu wazima tu, na lengo lake si kwamba siku moja mtoto amnyang'anye chakula. Lengo ni mtu akisogea, mbwa afikirie "kinakuja kizuri". Chemsheni maini, mkate vipande kumi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mbwa akiwa ndani ya kizimba anakula, shemeji apite nje kwa umbali ambao mbwa haachi kutafuna. Tuseme mita tatu. Atupe kipande kimoja karibu na sahani, aondoke. Asisimame kumtazama, asiongee, asinyooshe mkono. Mara kumi, imetosha kwa mlo huo. Baada ya siku mbili tatu za mwili uliolegea, asogee nusu hatua. Mwili ukikakamaa hata mara moja, arudi nyuma hatua nzima na abaki hapo siku mbili zaidi. Kosa la kawaida ni haraka: siku ya nne mambo yanakwenda vizuri, mtu anaamua kumaliza kazi kwa siku moja, anaingiza mkono sahanini "nimwonyeshe mkubwa ni nani", na kazi yote inaharibika. Kumnyang'anya sahani ili azoee ni ushauri unaozunguka sana, nao ndio unaofuga tatizo, kwa sababu unamthibitishia kwamba hofu yake ni ya kweli. Mlo uwe mara mbili kwa siku badala ya karamu moja ya usiku. Mwenye njaa analinda zaidi.

Matembezi mawili ya nusu saa, kwa kamba ya mita moja na nusu, si ile inayojivuta. Epukeni wakati watu wanatoka msikitini alfajiri na saa za watoto kwenda na kurudi chuoni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua limechomoza na lami bado haijaungua. Akionekana mtu wa buibui au kanzu mita ishirini mbele, kipande cha ini mdomoni kabla hajabweka, kisha mgeuke. Mita ishirini zikishakuwa si kitu, kumi na tano. Kazi ya miezi, na hatakuwa mbwa wa kumkimbilia kila mgeni akimlamba mikono. Inatosha akipita bila kushughulika na mtu.

Barabarani avae kikapu cha mdomoni, cha plastiki au waya, kinachomruhusu kufungua mdomo, kuhema na kunywa. Ule ukanda wa kitambaa unaofumba mdomo kabisa, kwa joto letu, unaweza kumuua katika matembezi mafupi tu. Msimvalishe kwa nguvu: pakeni siagi ya njugu ndani, aingize pua mwenyewe, sekunde tano, kisha kumi, kisha mfunge mkanda kwa nusu dakika. Wiki moja hadi mbili.

Kuhasi nakuunga mkono, ila msitarajie muujiza. Kunapunguza kuzurura, kufuata majike na ugomvi kati ya madume. Ukali utokanao na hofu haukatwi kwa kisu, na mbwa mwoga sana anaweza hata kuzidi. Kwa rotwaila kuna sababu ya kutomhasi kabla ya mwaka mmoja, kwani tafiti zimehusisha kufanya hivyo na saratani ya mifupa. Wenu amepita umri huo. Zungumzeni na daktari baada ya kumpima.

Tumtoe au tumweke? Kwa uliyoniandikia, ngurumo moja kwenye sahani haimhukumu. Mbwa alionya, hakugusa. Nyumba yenye kizimba, mlango wa komeo na watu wazima wawili waliokubaliana inaweza kumweka. Lakini nyumba ambamo mmoja anafunga komeo na mwingine anasema "hana neno huyo" haiwezi, na hapo nitakuwa upande wa jirani yako. Kama shemeji hataki kuacha fimbo na mnyororo, mtafutieni nyumba isiyo na mtoto, na mseme wazi kwamba hulinda chakula. Kumbwaga ufukweni au kumwachia mtu wa Kongowea bila kumwambia ni kumhamishia mtoto mwingine hatari yako.

Usingoje wala usijaribu mafunzo ya nyumbani ikiwa utaona haya: anamkodolea mtoto macho kimya na kumfuata kwa mwili ulioshuka, anakakamaa hata pasipo chakula, amebadilika ghafla ndani ya siku chache, au amegusa ngozi kwa meno, hata kama hapakutoka damu. Mwite daktari wa mifugo aje nyumbani amwone mahali anapoishi. Ofisi ya mifugo ya kaunti inaweza kukuelekeza. Akiuma na jino likazama zaidi ya nusu ya urefu wake, sizungumzi tena habari za mafunzo kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka minne. Hapo kumlaza milele kwa sindano ya daktari ni chaguo la kujadiliwa bila aibu.

Na yeyote akiumwa, na mbwa yeyote: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kwa saa. Msitie chumvi, jivu, mafuta wala dawa ya meno. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mkwaruzo ni mdogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, na inakadiriwa kuwa kinaua watu wapatao 2,000 kila mwaka nchini Kenya. Sindano za mkononi hutolewa siku ya 0, 3, 7, 14 na 28, na jeraha kubwa au la usoni huhitaji pia kinga ya ziada inayodungwa pembeni mwa kidonda, ulizeni wazi kama ipo. Mbwa msimuue, afungiwe siku kumi na kutazamwa, maana uhai wake katika siku hizo ni jibu kwa daktari. Chanjo yake ya kichaa iwe ya kila mwaka, na cheti kiwe mahali kinapoonekana.

Kwa jirani, nenda wewe na shemeji pamoja, na mwende na kile cheti. Mwambieni kizimba kitakamilika lini na saa ambazo mbwa hatakuwa nje. Anachoogopa ni watoto wake kuumwa, na pia mate ya mbwa kwenye nguo wanazokwenda nazo chuoni. Hilo la pili halihitaji mjadala, linahitaji umbali. Kibao cha "Mbwa Kali" getini wekeni kama mnataka (sarufi imeumwa kabla ya mgeni), ila hakiwaondolei wajibu. Kinasema tu kwamba mlijua.

Kabla daktari hajafika, mpige mbwa video ya nusu dakika anapokula, ukiwa dirishani asikuone, na nyingine anapopita mtu njiani. Mbele ya mgeni mwenye mkoba wa dawa mbwa wengi huwa wapole kupita kiasi, na bila hizo video daktari ataondoka amemwona mbwa mwingine.